ASANTE KUMI NA NNE ZA BATHOLOMEO

UMOJA WA WAONGOZA WAGENI, MICHORO YA MIAMBANI, KOLO

Kikao cha dharura cha kamati, Jumamosi tarehe 13 Julai 2024, ofisini kwa Umoja. Kiliitishwa saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 4:35.

Waliohudhuria: Mzee Mudrick (Mwenyekiti), Bi Sikudhani (Mhazini), Batholomeo (mwongozaji, mtuhumiwa), Penina (Katibu).
Asiyehudhuria: Gerson (mjumbe). Yuko kwenye alizeti zake, hakuaga.

KUMB. NA. 1/7/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba watu wasipandishe sauti. Mhazini aliuliza kama anasemwa yeye. Mwenyekiti alisoma ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 2/7/2024: ASANTE ZA JUMANNE
Mhazini alieleza kwamba Jumanne Batholomeo aliongoza Wajapani kumi na wanne, na kwenye daftari, safu ya "Asante", yaani bakshishi, akaandika 14. Kwa utaratibu, nusu ya bakshishi huingia kwenye sanduku la Umoja. Sanduku ni tupu. Alitaka Batholomeo asimamishwe mpaka msimu wa wageni uishe.

Batholomeo alijibu kwamba hajaona hata senti. Wageni walisomewa kibao cha getini na mkalimani wao, wakajipanga mstari, kila mmoja akainama akamwambia, "Asante." Safu iliuliza asante, naye alizihesabu. Alisema kwa uchungu kwamba ana watoto wawili sekondari, na akisimamishwa watarudi nyumbani.

Mhazini alisema, "Baba, hadithi hiyo kawasimulie hao watoto." Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Alifuta nusu.

KUMB. NA. 3/7/2024: KIBAO
Kitabu cha wageni kilisomwa. Mkalimani wao aliandika: "Kwetu hatuna desturi ya bakshishi. Lakini kibao kimetuomba asante, na kila mmoja ametoa yake kwa moyo."

Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyeandika kibaoni "Mgeni, usisahau asante ya mwongozaji." Katibu alikiri ni yeye, maana kuandika "bakshishi" kungeonekana ni kuomba. Katibu anakumbusha kwamba siku kibao kilipowekwa kamati nzima ilipiga makofi.

KUMB. NA. 4/7/2024: UAMUZI
Mwenyekiti aliamua kwamba Batholomeo hana kosa na ataendelea na kazi. Kibao kiandikwe upya, na si na Katibu.

Mhazini alishikilia kwamba utaratibu ni utaratibu: nusu ya kilichopokelewa ni ya Umoja. Batholomeo alisimama, akainama mbele yake, akasema "Asante" mara saba. Mhazini alihesabu kwa vidole. Kwenye ya tano alianza kucheka. Kwenye ya saba alifuta machozi, akaandika daftarini: "Zimepokelewa."

KUMB. NA. 5/7/2024: KUFUNGA
Saa 6:10 mchana Mwenyekiti alitaka kuwashukuru wajumbe, akamtazama Mhazini na daftari lake, akasema tu, "Haya, twendeni."

Mudrick ……………… Mwenyekiti
Penina ……………… Katibu