Bomba la Oili Nililolipinda

Zuhura, mdogo wangu,

Najua hukutegemea barua kutoka kwangu, tena ya kuwekwa hadharani kwenye kundi la simu la mafundi wa Musoma, ambako kila mtu ataisoma kabla hujamaliza kunawa mikono huko Arusha. Nimeiweka humo makusudi. Nilikusema vibaya mbele ya watu hawa hawa, basi na haya wayasikie. Univumilie, nitaanzia mbali, maana wivu wangu kwako ni wa siku nyingi kuliko injini yoyote niliyowahi kuifungua.

Unaikumbuka ile safari ya Rukuba? Wewe ulikuwa na miaka kumi, mimi kumi na minne. Baba aliitwa kisiwani kutengeneza injini ya boti ya wavuvi, na mimi nilikuwa nimeshaosha spana zote na kuzipanga kwenye boksi, nikijua nakwenda. Asubuhi akakushika mkono wewe. "Hamisi abaki gereji, kuna wateja," akasema, akaenda zake. Mlirudi jioni mnanuka samaki na oili, na Baba akawa anamsimulia kila aliyepita pale gereji kwetu Nyasho jinsi ulivyochomoa kijiti cha kupimia oili, ukakitazama na kusema, "Baba, hii imekuwa kama chai ya maziwa, si maji yameingia?" Na kweli maji yalikuwa yameingia. Nilicheka pamoja na wengine. Kisha nikaenda nyuma ya gereji, nikalipiga teke debe la oili chafu likamwagika lote, nikasema ni mbuzi wa jirani.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kuhesabu. Baba akikutuma wewe dukani Mukendo kuchagua beringi, nahesabu. Akikuita uje usikilize injini niliyokwisha kuisikiliza mimi, nahesabu. "Zuhura ana sikio," alikuwa akisema, nami najishika masikio yangu yote mawili nikijiuliza yaliwekwa pale kwa kazi gani. Na wewe hukuwahi kuringa. Ungeringa kidogo, ningepata pa kukuchukia kwa raha.

Halafu, tukiwa watu wazima, akaja Magesa kutoka Bunda na gari lake la mashindano. Wengine humu hawaijui habari hii, kwa hiyo niieleze. Injini yake ya turbo ilikuwa imeshaunguza beringi, na sababu tuliijua sote: kwenye kona kali oili ilikuwa inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la chini ya injini, na pampu ikabaki inanyonya hewa. Turbo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, inazunguka kwa kasi kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari, na kinachoishikilia ni oili tu. Ikikosa oili kwa muda wa kupiga chafya, imekwisha. Magesa alitaka tumchagulie mfumo mpya wa oili, na Baba akatuketisha mbele yake, kila mmoja aseme lake.

Nilisema mimi kwanza, kama mkubwa. Sampu ibaki, tuipanue, tuchomelee kuta na vilango ndani ili oili isikimbie, tuongeze rejeta ya kupozea oili mbele. Kazi ya wiki moja, vifaa vyote tunavyo. Nilisema vizuri, mwenyewe nilijisikia. Wewe ukangoja nimalize, ukachora kwenye sakafu kwa chaki.

"Kaka, ya kwako ni nzuri kwa gari ya barabarani," ukasema. "Hii ya Mzee Magesa inakaaga kwenye kona muda mrefu. Kuta zitachelewesha oili, hazitaizuia. Tuiondoe oili chini kabisa. Pampu iwe nje, inaendeshwa na mkanda, inafyonza kila kinachodondoka na kukipeleka kwenye tangi huku nyuma ya kiti. Injini inakunywa kutoka kwenye tangi. Gari ikilala upande, ikisimama, tangi inakuwa na oili."

"Na vifaa?" nikakuuliza.

"Vitaagizwa."

"Mkanda ukikatika?"

"Ukikatika tunazima injini. Sasa hivi ikikosa oili hata hatujui."

Magesa akajikuna kidevu. "Mimi nataka gari ifike. Hayo mengine mnayajuaga nyie." Baba akaiangalia ile chaki, akasema, "Tunafuata ya Zuhura. Hamisi atafunga mabomba." Nikaitikia vizuri tu. Moyoni nilikuwa nawaka, Zuhura. Mimi mtoto wa kwanza, mimi niliyefungua milango ya gereji kila asubuhi, nikapewa kazi ya kukaza mabomba ya mchoro wako.

Uliniagiza jambo moja. "Bomba la kurudishia oili ya turbo lishuke tu, Kaka. Lisipande popote, hata upana wa kidole." Nilijua hata kabla hujasema. Oili inayotoka kwenye turbo imechoka, imejaa povu, haina nguvu ya kupanda. Lakini lile bomba liligongana na kishikizo cha eksosi. Kukikata kile kishikizo na kukichomelea pengine ingenichukua nusu saa. Nikalipinda bomba likapita juu yake, na pale likapanda. Kidogo. Nikaliangalia. Nikafunika na bati la kuzuia joto, nikatia alama.

Sheria ya Baba kuhusu alama unaijua, ila niwakumbushe wengine: gereji yetu kila fundi akikaza boliti huigusa kwa rangi ya kucha, mimi nyekundu, wewe ile ya zambarau, na boliti yenye alama ya mwenzako huifungui bila ruhusa yake. Kuifungua ni kumwambia humwamini. Ulikuja ukiwa unafuta mikono, ukauliza, "Lile la turbo linashuka?" Nikajibu, "Limefungwa." Ukaangalia rangi yangu nyekundu ikiwa bado mbichi, ukageuka. Ulitosheka na neno la kaka yako.

Siku ya majaribio tulikwenda ile barabara ya vumbi nje ya Butiama. Watu walijaa, hata wachungaji waliwaacha ng'ombe wao. Gari lilipita mara ya kwanza likiunguruma vizuri. Mara ya pili likaanza kutoa moshi wa buluu. Mara ya tatu hatukuliona gari, tuliona moshi. Oili ilikuwa imeshindwa kuteremka, ikajaa ndani ya turbo, ikapenya kwenye sili za kuizuia na kwenda kuungulia kwenye eksosi. Mimi nililijua hilo palepale nilipousikia ule ukakasi puani. Na bado nikawa wa kwanza kufungua mdomo, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: "Nilisema mimi! Mtu anachora kwa chaki anadhani ni injini."

Watu wakacheka. Wewe ulipiga magoti kwenye vumbi, ukakagua kila kitu chenye rangi ya zambarau, kimoja kimoja. Nyekundu hukuigusa. Ukasimama ukamwambia Magesa, "Nisamehe, mzee wangu. Kuna mahali nimekosea, sipaoni."

Mfumo wako niliung'oa mimi mwenyewe. Lile bomba nikalitupa kwenye chuma chakavu kabla mtu hajaliona. Nikaweka sampu yangu yenye kuta, gari likamaliza mashindano, nikapongezwa, na kuanzia hapo Baba akawa ananiuliza mimi kwanza. Mwezi haukuisha ukapanda basi la Arusha. Nilikubebea begi mpaka stendi. Ukanishukuru.

Unadhani wivu uliondoka na lile basi? Wapi. Nikifungua simu nakuona umeinama kwenye injini za magari ya mashindano, watu wazima wamekuzunguka na daftari wanaandika unachosema. Nakuza picha kwa vidole nikitafuta kosa. Sijalipata, na nimetafuta sana.

Juzi Magesa amerudi na gari lingine, lina nguvu mara mbili ya lile. Kuta za sampu yangu haziliwezi, mwenyewe nimeshapima, oili inaziruka. Jana asubuhi akamuuliza Baba, "Ile tangi ya Zuhura ilikoseaga wapi? Nataka kurudi huko, naogopa moshi." Baba akanigeukia nijibu. Ningeweza kusema sijui. Ulimi ulikuwa umeshakunja hilo neno. Sijui ni nini kilinishinda. Labda ni kuchoka tu kusifiwa kwa kitu ambacho sasa kila mtu anaona hakitoshi. Nikawaambia habari ya bomba.

Magesa alitoka nje. Baba akaniuliza swali moja: "Ulijua lilikuwa linapanda?"

"Nilijua."

Akanawa mikono, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Mimi nikabaki nimesimama, mtu wa miaka thelathini na mitano, nikisubiri kutukanwa. Hakunitukana. Alichukua simu, akampigia Magesa aliyekuwa hatua ishirini tu kutoka pale, chini ya jua, akamwambia nikiwa nasikia: "Usiguse chochote. Mwenye injini yuko Arusha."

Mwenye injini. Nimeungama, nimejivua nguo mbele ya baba yangu, na neno hilo lilipomtoka liliniingia kama siku ile ya Rukuba. Nilitamani nilirudishe bomba kwenye chuma chakavu na ulimi wangu kinywani. Sina namna nyingine ya kukuambia, Zuhura: nakuomba radhi na nakuonea wivu, yote kwa moyo mmoja, na sijui ni lipi litatangulia siku nitakapokuona unashuka basi.

Njoo uifunge. Mabomba nitayafunga mimi kama Baba atakubali. Nikikuambia limefungwa, usinijibu. Fungua uangalie.

Kaka yako,
Hamisi

Nyasho, Musoma