Kijiji Chenye Lango Moja

Riyadh, 3 Julai 2025

Kwako dada Maryann,

Salamu nyingi kutoka Riyadh, ambako jua limeamua kutumaliza. Mimi ni mzima wa afya, ila mgongo unanisumbua kwa kuinama kwenye mabafu ya watu. Wewe je? Miguu bado inavimba? Na Mama Kubwa anaendeleaje na sukari yake?

Nina habari, kaa chini kwanza. Wiki ijayo naenda Ufaransa. Mimi, Fridah wa Wundanyi. Bosi wangu Baba Yazid anaipeleka familia likizo, na mkewe Madam Arwa amesema haendi popote bila mimi, kwa sababu mtoto wao Judi halali mpaka ashike sikio la mtu, na sikio analolitaka ni langu. Viza imeshatoka. Baba atakaa nasi Paris siku chache kisha arudi ofisini kwake Olaya, hapa Riyadh. Baada ya hapo Madam atakodi gari atuzungushe mashambani, eti anataka kuona vijiji vya kale vya mawe. Nilimuuliza mtu anaachaje maduka ya Paris akaangalie mawe, akacheka. Nilifurahi kumsikia akicheka. Mkono wake bado una bandeji. Watu amewaambia alianguka kwenye ngazi, na nyumba yetu haina ngazi, wewe unaijua.

Hilo la mkono usimwambie Mama Kubwa. Yeye ndiye aliyemzaa Baba, na damu ni nzito kuliko maji.

Mdogo wako,
Fridah

Jeddah, 5 Julai 2025

Mdogo wangu Fridah,

Nimepata salamu zako na nimezipokea kwa mikono miwili. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Miguu inavimba jioni, asubuhi inanywea. Mama Kubwa sukari imempanda kwa ajili ya tende, na ukimwambia aache anakutazama kana kwamba umemtukania wazazi.

Nimefurahi na pia nimeogopa. Nakujua, mdomo wako haupumziki na macho yako yanapenda kuzurura. Nasikia huko Ulaya wasichana wengine hushuka garini wakaenda zao. Kuwaza sikukatazi. Nakukumbusha tu kwamba mimi na wewe kafili wetu, mdhamini wa viza zetu, ni mmoja. Ikama yangu, kibali cha kukaa huku, iko kwa jina la Baba Yazid ingawa namfanyia kazi mama yake, paspoti yangu iko kabatini mwake, na mimi ndiye niliyekuombea kazi kwake. Ukipotea wewe, atakayeulizwa ni mimi. Oktoba mkataba wangu unaisha, Fridah. Mwanangu Cliff yuko gredi ya sita, na mara ya mwisho kunishika mkono alikuwa hajajua kusoma.

Nenda, uone, urudi. La mkono nimelisikia. Mambo ya nyumba za watu tuyaache humo humo ndani.

Dada yako,
Maryann

Ufaransa, 19 Julai 2025

Dada mpendwa,

Hujambo huko? Sisi wazima, isipokuwa Judi ana mafua kidogo. Naandika kwa intaneti ya hoteli, kwa hiyo ukiniona kimya ujue tuko barabarani.

Dada, hawa watu wana vijiji vya mamia ya miaka na bado watu wanaanika nguo madirishani. Vingi viko juu ya vilima, vina kuta, na vichochoro vyake ni vyembamba hata gari letu lilikwaruzwa kioo. Mahali panaitwa Rocamadour nyumba zimebandikwa kwenye jabali, na ngazi zake zilinikumbusha kupanda kwetu na debe la maji kichwani. Conques tulikuta watu wazima, wana mikongojo, wanatembea kwa miguu kwenda Hispania kumwomba Mungu. Nikamwambia Madam kumbe hata Wazungu wana mahujaji. Akasema kila mtu na safari yake.

Sasa sikiliza. Jana tulikuwa turudi Paris na hatukurudi. Kwenye kituo cha mafuta Madam alitoa laini kwenye simu yake, akaitupa kwenye pipa, akanunua nyingine. Judi ameambiwa wanacheza mchezo, kwamba ndani ya maduka hakuna kusema Kiarabu. Analipa kwa noti tu. Na kila tukifika kijiji kipya, kabla hatujashusha mizigo, anapanda ukutani kutazama barabara tuliyotoka nayo. Anasimama pale mpaka chakula kinapoa. Leo mzee wa mkahawa ametueleza kwamba watu wa zamani walijenga juu ili wamwone adui angali mbali. Madam alinitafsiria, kisha akapanda tena ukutani.

Nimeogopa, dada. Mimi nilidhani tuko likizo.

Mdogo wako,
Fridah

Jeddah, 23 Julai 2025

Fridah,

Natumaini hujambo, maana hapa hakuna anayejua kama mko hai. Mimi mwili hauna neno.

Baba Yazid anapiga simu kwa mama yake asubuhi, mchana na jioni. Simu ya Madam haipatikani, na kadi yake ya benki ilitumika mara ya mwisho huko huko Rocamadour unakokutaja. Jana akaomba azungumze na mimi. Miaka yote hii Baba hajawahi kuzungumza nami kwa simu, huwa anaagiza tu kupitia mama yake. Alikuwa na adabu mpaka nywele zikanisimama. Akaniuliza kama umeniandikia. Nikasema mafi, baba, hajaandika. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika nyumba hii, na ulitoka upesi kuliko nilivyotaka.

Niambie kuna nini. Au usiniambie, sijui lipi ni afadhali. Nafuta kila ujumbe wako nikishausoma, nawe ufute wangu.

Dada yako,
Maryann

Ufaransa, 28 Julai 2025

Dada yangu,

Salamu, na pole kwa mzigo niliokutwisha. Sisi ni wazima. Judi amepona mafua.

Madam ameniambia yote. Harudi. Kabla ya safari Baba alimwambia kwamba likizo ikiisha Judi atahamia Jeddah alelewe na bibi yake, na yeye Arwa atamwona mtoto siku Baba atakapotaka. Mkono ule aliuvunja Baba, jambo nililolijua kwa sababu mimi ndiye niliyepangusa damu kwenye vigae. Sasa ana rafiki waliyesoma naye, na kuna wakili anayeshughulikia karatasi za kukaa huku. Wanahitaji wiki chache tu, na katika wiki hizo Baba asijue walipo.

Kisha akaweka paspoti yangu mezani. Akasema, "Hii ni yako. Ukitaka kuondoka, ondoka. Ukitaka kubaki, baki. Nakuomba tu usimwambie nilipo." Niliifungua nikajiangalia kwenye picha, msichana amenona, hajui kitu.

Tumepanga chumba katika kijiji chenye lango moja tu. Jina lake sikuandikii. Usilolijua hutalazimishwa kulisema. Dirishani kwangu naona barabara yote inavyopanda, na kila likitokea gari jeupe najificha nyuma ya pazia, maana Baba hapendi gari la rangi nyingine. Namba yangu anayo. Ameniandikia kwa upole, ananiita binti yangu, anataka nimtumie lokesheni. Sijamjibu. Ningekuwa na roho nyepesi kama usingekuwa katika nyumba ya mama yake.

Mdogo wako,
Fridah

Jeddah, 1 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa chooni, ndiko peke yake ninakoweza kufunga mlango. Nauliza hali yako, yangu usiulize.

Baba yuko hapa Jeddah. Jana wakati wa chai aliniita sebuleni mbele ya mama yake. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Akasema, "Bangili za mama hazionekani. Polisi watauliza ni nani anayesafisha chumba chake."

Fridah, bangili zilikuwa mkononi mwa Mama Kubwa. Alikuwa anazivutia ndani ya mkono wa nguo yake, na sisi watatu tulikuwa tunaziona. Mama Kubwa akatazama zulia. Kisha Baba akaniambia niwasiliane na mdogo wangu, halas, yameisha, bangili zitapatikana.

Naogopa. Naogopa jela ya ugenini, na naogopa kufa kabla sijamwona Cliff. Kila mlango ukigongwa nadhani wamekuja kunichukua. Tafadhali mtumie hiyo lokesheni. Mkono wa Madam naujua, sijasahau. Lakini yeye ana wakili, ana rafiki, ana pahali pa kuanzia. Mimi nina nani zaidi yako? Mtumie nirudi kwetu. Mungu atatusamehe sote wawili.

Dada yako,
Maryann

Ufaransa, 6 Agosti 2025

Dada,

U mzima? Safari hii nauliza nikitaka kujua kweli. Tangu Jumatatu nimekuandikia ujumbe mfupi mara nyingi, na hata mmoja hujajibu. Wa jana umesomwa, naona tiki za buluu. Nilipopiga, simu ikakatwa. Baba naye ameacha kunibembeleza. Asubuhi ya leo ametuma maneno matatu tu: "Dada yako analia."

Barua yako ya chooni naijua kwa moyo. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo halimuumizi mtu. Madam ameanza kula. Bandeji ameitoa, na juzi alikaa dirishani akachana nywele bila kutazama barabara hata mara moja. Jana aliniomba nimfundishe kupika chapati, zikatoka na pembe, Judi akazicheka mpaka akapaliwa. Ananiamini, Maryann. Nikimleta yule mtu hapa, hawana pa kutokea. Lango ni moja, na yeye ndiye atakayekuwa amesimama langoni.

Lakini wewe ni dada yangu. Nilipougua malaria ulinibeba mgongoni kuteremka mlima wote mpaka zahanati, na wewe mwenyewe ulikuwa mtoto. Madam nampenda, ila sikunyonya naye ziwa moja.

Basi nimekata shauri hivi. Nitangoja mpaka Ijumaa, watu wa huko wakishatoka msikitini. Ukiniandikia neno lolote, hata "nipo", nitajua uko salama na nitafunga mdomo wangu. Ukiendelea kunyamaza nitajua wamekutia ndani, na nitamtumia Baba anachokitaka. Niandikie chochote, dada. Nakuomba.

Mdogo wako,
Fridah

Jeddah, Karantina, Jumapili 10 Agosti 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Usishtushwe na namba hii ngeni. Simu ni ya Jerioth, msichana wa Kitale aliyenipa nusu ya godoro lake hapa mtaa wa Karantina. Hujambo wewe? Judi hajambo? Mimi nimekonda na miguu imevimba, lakini niko nje, Fridah. Nimetoka katika ile nyumba.

Simu yangu Baba aliichukua Jumapili iliyopita, akanilazimisha nimfungulie. Chochote ulichoniandikia tangu siku ile mimi sijakiona. Barua za zamani nilikuwa nimeshazifuta, kwa hiyo hilo lisikutie wasiwasi. Siku hiyo hiyo nilimsikia akimwambia mama yake kwamba akimpata Arwa hatavuka tena kizingiti cha mlango maishani mwake. Alikuwa anamenya chungwa huku akisema. Nilirudi jikoni nikakaa sakafuni, nikaona haya kwa niliyokuandikia. Ilikuwa hofu iliyoandika. Yafute yale, usiyafuate.

Nilivyotoka ni hivi. Jana asubuhi Mama Kubwa aliniita akaniambia nipeleke taka. Nikamwambia nimeshapeleka. Akasema tena, "Yalla, peleka taka," na akanitupia abaya yake mwenyewe mabegani. Alikuwa analia. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu huyu, baba yake alikuwa hivi hivi." Nikamshika mkono, bangili zote ziko pale, nikamwambia asilie, nitakuwa salama. Akazidi kulia, akageukia ukutani. Sijui kama nitakutana tena na mwanamke wa namna ile.

Nje nilimkuta Ussi, dereva wao, yule ambaye wazee wake walitoka Unguja zamani. Akanifungulia mlango wa gari. "Ingia, dada angu. Bibi kanambia nikushushe utakako." Alinishusha mtaa wa Hindawiyah, nikauliza uliza mpaka nikafika huku kwa wasichana wa kwetu.

Sina ikama wala paspoti, na askari wakipita mtaani tunanyamaza wote chumbani mpaka wapotee. Bado naogopa sana. Lakini sasa hofu ni yangu peke yangu. Hakuna tena mtu anayeweza kunishika mimi ili akubane wewe. Kwa hiyo usimtumie Baba kitu, hata akikwambia nini juu yangu. Akisema niko jela, ni mwongo. Akisema nalia, ni mwongo.

Na kuna jambo jingine zuri. Ussi ameniambia Baba hayuko Jeddah. Ijumaa alasiri alimwambia waende uwanja wa ndege upesi, ana mkoba mmoja tu, na njia nzima alikuwa mchangamfu, akampa Ussi bakshishi na kumwomba amwombee safari njema. Hakusema anakwenda wapi. Jerioth anasema amerudi zake kazini Riyadh, amechoka kutafuta. Nami naona hivyo hivyo, amekata tamaa.

Basi tulieni hapo mlipo. Mwambie Madam alale vizuri, na Judi mpe sikio lako. Nijibu kwa namba hii, Jerioth ameniachia simu mpaka jioni.

Dada yako,
Maryann