Ukuta wa Bibi na Hita ya Lita Mia

Mtaa wa Kanyenye,
S.L.P. 417,
Tabora.

4 Juni 2024

Mpendwa Baba Mkubwa Masolwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Mama Mkubwa Advera, na mgongo wake uwe umepata nafuu. Huku sote tu wazima, isipokuwa baridi ya asubuhi imewahi mwaka huu. Bibi anakuulizia kila anapomaliza rozari. Kidonda cha mguu wake kimefunga, limebaki kovu tu pale alipomwagikiwa na sufuria ya maji ya moto.

Hita uliyotuma ilifika salama. Baba alikwenda kuipokea stesheni mwenyewe, akaileta kwa guta, na majirani wakatoka kuitazama. Tunakushukuru sana. Najua uliinunua kwa sababu ya mguu ule, ili Bibi asibebe tena maji kutoka jikoni. Ndiyo maana imeniwia vigumu kuanza barua hii.

Baba Mkubwa, hita ni kubwa mno, na ukuta inapotaka kutundikwa hautaiweza. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta. Sasa naiacha.

Shuleni tumefundishwa kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ikijaa, hita hiyo itakuwa na kilo mia za maji, bado chuma chenyewe. Ni kama kutundika gunia la mahindi ukutani na kuliacha hapo miaka yote. Fundi Eustace anataka kuifunga kwenye ukuta wa bafu unaopakana na chumba cha Bibi. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo Bibi anapolaza kichwa.

Jumamosi iliyopita fundi alianza kutoboa. Kwanza ilitoka saruji, kisha udongo mwekundu, ukawa unamiminika tu. Aliingiza bolti, ikazunguka bila kushika.

"Mzee Renatus, huu ukuta wako mbona unatema udongo?"

"We toboa," Baba akamjibu. "Tafuta bolti ndefu."

Fundi akasema atarudi nazo Jumamosi hii. Nilipoingia kwa Bibi nilimkuta anakung'uta shuka. Akaniambia, "Wajina, ukuta unakohoa."

Tangu siku hiyo kuna ufa mwembamba unaoshuka kutoka kwenye tundu. Kila jioni naupima kwa kidole. Jana ulikuwa umefika usawa wa mto wake.

Bibi ndiye aliyenieleza kwamba ukuta huo mliujenga wewe na Babu, kwa tofali mbichi, mkaupiga lipu upesi ili nyumba ipendeze siku ya komunyo ya kwanza ya Baba. Baba anajua. Nadhani hilo ndilo linalomfunga mdomo. Akisema hita haifai, amekataa zawadi ya kaka yake. Akisema ukuta haufai, ameidharau kazi ya kaka yake na ya marehemu baba yake. Mama alimgusia wakati wa chakula cha jioni. Akasema, "Kitu cha kaka hakirudishwi," akanawa mikono na ugali bado upo.

Tulimwomba Bibi ahamie chumbani kwetu. Anasema bafu litakuwa mbali, na kwamba hahamishwi na pipa. Chumba chake ni chembamba, kitanda hakigeuki.

Jirani yetu Mzee Sadiki alikuja kuiona hita, akaanza utani wake wa Kizaramo. "Babu zenu walibeba mizigo kwa miguu mpaka kwetu pwani. Na huu ukuta ni Mnyamwezi, utabeba tu." Baba akamwambia Mzaramo hajui mzigo zaidi ya sahani ya pilau. Wakacheka sana. Lakini wakati anatoka, Mzee Sadiki aliniita uani akaniuliza kama Bibi bado analala chumba kile. Hapo hakuwa anacheka. Yeye ndiye anayekuletea barua hii, maana kesho anapanda treni kwenda Dar kwenye arusi ya mjukuu wake.

Nadhani dukani walikuuliza nyumbani kuna watu wangapi, ukawajibu tisa, wakakupa hita ya watu tisa wanaooga kwa bomba la mvua asubuhi moja. Sisi tunaoga kwa ndoo na kopo, tena wengine jioni. Nimepima. Bibi anatosheka na nusu ndoo ya maji ya moto, ambayo ni lita kumi, nyingine tunajaza ya baridi. Hita ya lita thelathini inamtosha yeye na Mama, kisha inapata moto tena upesi. Hii kubwa inachelewa, na Bibi anaoga kabla ya misa ya alfajiri. Itakula umeme, Mama ataizima, na Bibi atarudi kwenye sufuria. Hilo naliogopa kama ninavyouogopa ukuta.

Ya lita thelathini ipo dukani kwa Zuena, hapa hapa mtaani. Nilisimama nje muda mrefu kabla sijaingia kuuliza. Amekubali kubadilishana, mradi hii kubwa isiwe imefungwa wala kutiwa maji. Ndogo itaenea kwenye ukuta wa upande wa jiko, ule wa tofali za kuchoma, kati ya dirisha na nguzo. Kubwa haienei hapo.

Kwa simu sikuweza. Jumapili uliponiuliza, "Mama, hita imependeza?" simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje, kila mtu anasikia, na Baba ananitazama. Nikajibu imependeza.

Naomba umpigie Baba kabla ya Jumamosi asubuhi. Mwambie umebadili mawazo, unataka tufunge ndogo. Kwa neno lako ataipeleka dukani mwenyewe, na hakuna atakayekuwa amekataa kitu. Ukiona vigumu, sema Mzee Sadiki amekutania kuhusu ukuta wako. Neno la mtani halina hasira.

Kwa sasa nimehamishia godoro langu chumbani kwa Bibi. Nimemwambia ni kwa ajili ya baridi.

Mama anakusalimu, na Baba pia, ingawa hajui kwamba naandika. Nisalimie Mama Mkubwa, Benjamini na Eustadia. Mungu awalinde nyote chini ya paa lenu.

Baba Mkubwa, tangu nizaliwe unaniita Mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yako. Sijawahi kukuomba kitu kwa jina hilo, nilikuwa naona aibu. Leo naomba.

Akupendaye, anayeingoja simu yako,

Mama yako kwa jina,
Minza