Umetunza au Umetunzwa?

Bagamoyo,
Jumapili mchana

Dada Anyesi,

Kamwene, dada, na shikamoo yako ipokee hapohapo. Mgongo unaendeleaje? Bado unainama kupalilia viazi mwenyewe, au vijana wamekusikia? Mimi mwili mzima. Joto la huku lilinitoa upele shingoni, lakini Bi Zuhura, mkuu wa jikoni hapa hotelini, amenipa mafuta ya nazi na umeanza kunywea. Kichwa ndicho hakijatulia, na ndiyo sababu ya karatasi zote hizi. Ningepiga simu, ila wewe simu unaiweka spika na mtaa mzima unachangia. Haya nataka uyasikie peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe nani wa kumsimulia.

Ni miezi minane sasa tangu niwe mhudumu wa mezani. Kubeba sahani nne kwa mkono mmoja nimeweza. Kuelewa Kiingereza cha wageni nimeweza nusu. Kilichonishinda ni hela anayoiacha mgeni akishalipa bili. Kwanza haina jina moja. Wazee wa hapa wanaiita bahashishi. Rama, mwenzangu wa mezani, kijana wa Dar, anaiita tipu. Wengine husema "ya soda", wengine "asante". Mimi sijui niiite nini kwa sababu sijaelewa ni kitu gani. Kama ni mshahara, mbona meneja ananilipa mwisho wa mwezi? Kama ni sadaka, mimi si ombaomba. Na kama ni zawadi, mbona Rama ananuna ikikosekana?

Wiki yangu ya kwanza wazungu wawili waliacha noti chini ya kisosi. Nikatoka mbio nyuma yao mpaka barabarani, napunga noti juu, naita, "Mmesahau! Mmesahau!" Yule mwanamume akashtuka, akadhani hawajamaliza kulipa, akatoa nyingine. Nikarudi na mbili. Rama alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hapa jina langu ni Mmesahau.

Halafu kila mgeni ana sheria yake. Kuna mama mmoja alinieleza, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba yeye hatoi kwa sababu kutoa ni kunidharau, mimi nilipwe vizuri basi. Nikamwitikia ndiyo, mama. Meza ya pili mwenzake akanipa, akasema asiyetoa ndiye anayenidharau. Naye nikamwitikia ndiyo. Wengine wanauliza kama huduma imo kwenye bei, meneja anajibu imo, wakiondoka bila kuacha kitu Rama anasema meneja katuharibia. Siku nyingine alikuja baba mmoja wa Makambako. Akaisikia lafudhi yangu, tukaongea viazi na parachichi robo saa nzima, hakuacha hata mia, nami nilishinda na furaha siku ile. Rama akasema nimetumika bure. Sasa dada, kinachonisumbua ni hiki: siku hizi nikimchekea mtu sijui kama nacheka mimi au unacheka mfuko wangu.

Karibu na mlango wa jikoni kuna sanduku la mbao. Bahashishi zote zinaingia humo, Jumatatu linafunguliwa, tunagawana wote, mpaka mama anayeosha vyombo ambaye mgeni hamwoni. Utaratibu huo naupenda. Sijawahi kuchelewa kutumbukiza, na wewe unajua kwa nini. Hela ya kinanda cha kwaya ilipopotea nyumbani kwangu, mimi nikiwa mweka hazina, hakuna aliyeniita mwizi usoni. Walinyamaza tu nikipita. Nilikuja huku nipate mahali ambapo watu hawanyamazi nikipita.

Basi Jumamosi ya juma lililopita kulikuwa na karamu ya harusi bustanini, alasiri, na kikundi cha taarabu. Bibi wa bwana harusi ni Bi Mwanaidi wa Mlingotini, mwanamke mfupi, meno yake ya kuhesabika, na walimkalisha mbele ya spika pua kwa pua. Nikamhamishia kiti kivulini. Nikamchambulia nyama ya pilau vipande vidogovidogo, nikamletea maji ya kunawa. Ni hayo tu. Marehemu mama tungemfanyia hivyo hivyo.

Muziki ulipokolea, akina mama wakainuka kwenda mbele kumpa mwimbaji hela. Ndivyo wafanyavyo huku: wanacheza, wanapunga noti, wanambandika nazo. Bi Mwanaidi naye akainuka. Akanipitia kwa madaha, anayumba kidogo kidogo, akanipungia noti nyekundu juu ya kichwa, akazitia kwenye mfuko wa shati langu, akasema kitu. Spika zinanguruma, dada. Nilichosikia mimi ni, "Nitunzie hiyo, mwanangu." Nikaona sawa kabisa. Bibi anaingia katikati ya watu wanaocheza, hataki hela imdondoke. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mama." Akacheka, akaenda. Nilipomaliza kutoa sahani, walikwisha kumpakia kwenye gari.

Nikazifunga noti zile kwenye karatasi bila kuzihesabu, juu yake nikaandika "Za bibi wa bwana harusi". Najua unajiuliza kwa nini sikumkabidhi meneja. Dada, ile ya kinanda kila mtu nilimwonyesha ilipo, ikapotea. Hii nikaapa asijue mtu ilipo.

Jumatatu sanduku likafunguliwa. Rama akachungulia ndani, akanigeukia.

"Mmesahau, mbona ya yule bibi haimo?"

"Ile haiingii humo," nikasema. "Nimetunza."

"Tunajua umetunzwa, kaka. Tuliona wote."

"Ndiyo, nimetunza. Kwani kuna ubaya?"

Bi Zuhura akaweka mwiko chini. "Baba, umetunzwa mbele za watu, na sanduku unalijua. Huna hata aibu ya kubabaisha?"

"Sina cha kubabaisha, Bi Zuhura. Nimetunza, na nitaendelea kutunza mpaka mwenyewe aje."

"Mwenyewe nani tena?" Rama akapiga makofi. "Jamani, watu wa bara wana roho! Kala, na anatutangazia kala!"

Mimi nilidhani wananisifu kwa uaminifu kisha wananikasirikia kwa uaminifu huohuo. Sikuelewa hata chembe. Nilichoelewa ni kwamba kuanzia jioni ile nikiingia jikoni maneno yalikatika. Mama wa vyombo alinipokea sahani bila kuniangalia. Jumatano meneja akaniita, akasema niilete hela ya watu kabla ya Ijumaa, au Ijumaa hiyohiyo nifunge begi. Usiku ule sikulala, dada, sikufichi. Mtu akiitwa mwizi mahali pamoja anaweza kusema alionewa. Akiitwa mahali pawili, atasema nini?

Alhamisi ni siku yangu ya kupumzika. Nikachukua bodaboda mpaka Mlingotini, nikauliza nyumba kwa nyumba nikaonyeshwa. Bi Mwanaidi alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Wa wapi wewe?"

Nilipojitambulisha alifurahi sana, akaagiza niangushiwe dafu. Mimi dafu la nini? Nikachutama mbele yake, nikaitoa ile karatasi kwa mikono miwili.

"Nimekuletea amana yako, mama. Haijapungua."

Akaitazama. Mikono yake akairudisha ndani ya kanga.

"Amana gani?"

"Ile uliyonipa nikutunzie, siku ya harusi."

"Mimi nilikutunza," akasema polepole. "Nikakwambia, ni tunza hiyo. Nimetunza watu tangu usichana wangu, hajatokea wa kunirudishia. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamweleza kwamba kwetu kutunza ni kuweka kitu kisipotee. Tunatunza watoto, tunatunza shamba, tunatunza hela. Hii ya kumtunza mtu kwa kumpa, mimi sijakua nayo.

"Na mtu akikufurahisha, kwenu mnampa nini?"

"Tunamwambia asante."

"Halafu?"

"Halafu anaenda kwake."

Bibi akacheka mpaka akakohoa, mjukuu akaja kumpiga mgongoni. Nami nikacheka, japo sikujua kilichochekesha ni nini. Lakini nilipomsimulia habari ya Ijumaa na begi, kicheko kikakatika.

"Wanamwita mtu mwizi kwa mkono wangu? Niitieni bajaji."

Tulifika hotelini watu wanapakua chakula cha mchana. Akasimama mlangoni mwa jikoni na buibui lake, kiti akakikataa.

"Nani kasema huyu kaiba?"

Bi Zuhura akajifanya anaonja mchuzi.

"Huyu hakuiba," akasema Bi Mwanaidi. "Huyu ni mshamba."

Akawaeleza yote, nitunzie na ni tunza, na Rama akaanguka kwa kicheko kama siku ile ya kisosi. Dada, sijawahi kufurahia tusi namna ile. Nilitamani alirudie.

Ungedhani yakaisha hapo. Wapi! Rama alipopata pumzi akasema, kwa adabu lakini, "Sawa bibi, hakuiba. Ila alikuwa kazini. Hela inaingia kwenye sanduku."

"Bahashishi ndiyo itieni kwenye sanduku lenu," bibi akamjibu. "Hiyo mtu anampa mhudumu. Mimi sikumpa mhudumu. Nilimtunza huyu."

"Si ndiye mhudumu huyo, bibi? Kavaa yunifomu."

"Yunifomu ndiyo iliyonichambulia nyama?"

Bi Zuhura akageuka upande wa bibi, akasema kweli tunza ni ya mtu, hata mama yake mzazi akitunzwa hakuwahi kugawana. Mama wa vyombo, ambaye huwa hasemi, akauliza sahani aliyochambuliwa hiyo nyama aliosha nani. Meneja, aliyekuja kwa kelele zile, akasema ana simu, akaondoka. Mimi nikataka kuzitumbukiza zote sandukuni yaishe, bibi akanishika mkono. "Thubutu!" Akanitia noti mfukoni upya, akapiga kigelegele yeye mwenyewe, peke yake, pale kati ya masufuria, mpaka wageni wakachungulia.

Ijumaa ikapita bila mtu kulitaja begi. Maneno yamerudi jikoni, na mengi yananihusu mimi. Hilo limenipa usingizi. Lakini kuelewa, dada, bado. Bibi anasema hakumpa mhudumu, ila nisingekuwa mhudumu asingeniona. Rama anasema kweli na bibi anasema kweli, na mama wa vyombo anasema kweli kuliko wote. Noti bado ziko kwenye karatasi ileile. Nikizitumia naona nimemuuzia bibi wa watu wema wangu. Nikiziacha naona nimezikataa mara ya pili. Wewe ungefanyaje?

Nisalimie shemeji yangu, dereva wa lori la mbao, mwambie apunguze mwendo kwenye ukungu. Mjomba fundi bati nimeisikia habari ya kidole chake, pole nyingi. Shangazi muuza ulanzi mwambie huku watu wanakunywa pombe ya mnazi wanaiita tembo, nami nilicheka sana kusikia jina hilo. Wapwa zangu wote, na yule mdogo anayekataa uji. Na mwalimu wa kwaya pia msalimie, hata kama hataitikia.

Dada, kuna jambo nimelizungusha barua nzima. Bi Mwanaidi alipouliza amenikosea nini, niliyemwona pale barazani ni wewe. Siku ninaondoka, stendi ya Njombe, ulinitia hela kwenye mfuko wa koti. Nami nikaitoa, nikakurudishia dirishani, tena kwa sauti, ili wale wanakwaya waliokuwa pale waone kwamba siondoki na hela ya mtu. Jina langu ndilo nililoliwaza. Wewe sikukuwaza hata kidogo. Ulijifunika kitenge usoni mpaka basi likaondoka, na mimi miezi minane hii nimejiambia ilikuwa ni baridi.

Nisamehe, dada yangu. Sikuombi kwa shida, kula nakula. Ila ukijaliwa kunipa tena, hata mia moja, nipe. Nitaipokea kwa mikono miwili na sitasema neno.

Mdogo wako,
Festo