Tundu la Tatu

Jumanne, 4 Februari 1992
Nimesafisha jiwe la tisa. Sindano, mswaki mkuukuu, kupuliza vumbi. Tangu mtoto wa jicho afunike macho ya mume wangu, Baba Aline, kazi yake imekuwa yangu. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, sikusomea visukuku. Natoka shule, nafika hapa nyumbani Gikondo, navua viatu, nakaa na vinyama vya bahari vyenye miiba vilivyogeuka mawe zamani za zamani. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Februari
Wale wanaotunga orodha ya majina ya visukuku huko Ulaya wameandika. Jenasi ya mume wangu, yaani kundi la vinyama alilolipa jina, ibaki peke yake, au iunganishwe na jenasi ndugu? Wanataka jibu mwezi huu. Vinyama vya jenasi hizo vina matundu mawili mgongoni, ya kutolea mayai. Yake ina matatu. Aliijenga juu ya jiwe moja aliloliokota Kilwa akiwa mwanafunzi, akaiita Yustaster. Yusta ni mimi. Hatukuwa hata tumeoana. Sikumwomba.

Jumatatu, 10 Februari
Mawe kumi na manne ya jenasi yake, yote safi. Yote matundu mawili. Nimemwambia.
"Oya, hapana. Hesabu tena."
Nimehesabu tena. Mawili.
"Basi hujasafisha vizuri."
Nina vidole viwili vilivyochomwa sindano. Nimesafisha vizuri.

Jumanne, 11 Februari
Leo nimelichukua lile jiwe lake la Kilwa, na lenzi. Matundu mawili yana ukingo laini, ulioinuka. La tatu halina ukingo. Limetobolewa kutoka nje. Konokono. Konokono wa baharini alimtoboa mnyama yule akamla, na tundu hilo likapewa jina langu.
Nimemweleza polepole. Amesema mwalimu wa watoto hawezi kumfundisha kazi aliyoifanya miaka ishirini. Nimemwachia mawe yake mezani. Chai ajipikie.

Ijumaa, 14 Februari
Siku ya tatu hatusemezani. Akitaka kitu anagonga meza. Darasani nimewafokea watoto bila sababu. Ningeweza kuandika "matatu" nikatia barua posta. Hataona. Hakuna atakayejua. Nimelifikiria hilo kutwa nzima, na linaniudhi kwamba nimelifikiria.

Jumamosi, 15 Februari
Asubuhi nimemkuta mezani, jiwe la Kilwa mkononi, anapapasa matundu kwa ncha ya sindano. La kwanza, la pili, la tatu. Akarudia la tatu mara nyingi.
"Hili linaingia kwa mshazari, halina ukingo," akasema.
Nikavuta kiti, nikakaa.
"Mama Aline, andika."
Barua ina mistari minne. Jenasi ifutwe, kosa ni lake, aliyeligundua ni mke wake. Hapo nikataka kuacha, akasema niandike. Akauliza kama imeniuma jina langu kufutwa. Nikasema kidogo. Ni kweli, imeniuma kidogo.
Nikamshika mkono, nikauweka pale pa kutia sahihi.
Mchana tumebandua kwenye mawe vibandiko vya jina la zamani. Mimi naandika vipya, yeye anapaka gundi. Anapaka nyingi mno. Nimemwacha.