Mkono wa Eddah na Mlango Uliovunjwa

Chaani, Changamwe,
Mombasa.
12 Septemba 2024

Mpendwa wifi Judy,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Doha? Mgongo wako umepoa? Sisi tunapumua, lakini nikisema tu wazima nitakuwa nakudanganya. Soma ukiwa umeketi.

Unakumbuka Eddah alivunjika mkono mwezi wa saba, akikimbizana na wenzake shuleni. Plasta ilipomwasha sana niliikata mwenyewe, wiki mbili kabla ya siku aliyopangiwa hospitalini, nikawa namkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Nilijiona mjuzi.

Jumamosi alikuwa anaruka kamba uani, akauangukia mkono uleule. Baba yake, Baya, akambeba ndani, akajaribu kuunyoosha mfupa kama babu yenu alivyowafanyia Kaloleni. Mtoto alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Nami nikapiga kelele: "Baya, unamuua mtoto!"

Ni maneno yangu hayo, wifi. Musyoka, jirani wetu wa ukuta kwa ukuta, aliuvunja mlango akaingia na mchi, nyuma yake wanaume ninaowauzia mahamri kila asubuhi. Wakamburuta Baya hadi nje. Walimpiga mateke na mawe, mchi ukamshukia begani nikasikia mfupa ukivunjika. Nilipiga mayowe kuwa hajamfanya kitu, hakuna aliyesikia. Nikajitupa juu yake, nikapigwa na mimi. Sikio la kushoto halisikii vizuri hadi leo. Eddah alikuwa mlangoni, mkono unaning'inia, anatazama yote.

Hospitalini daktari alizungumza na Eddah peke yake, kisha akaniita. Alisema mtoto hana ugonjwa wa mifupa wala hajapigwa. Watoto wa umri wake, miaka kumi na mmoja hivi, hurefuka upesi kabla mifupa haijakomaa, wanaruka, wanaanguka, na aliyevunjika mara moja ni rahisi kuvunjika tena. Akauliza nani aliitoa plasta. Nikasema ni mimi. Mchi ule ulinistahili mimi, nisingelalamika.

Musyoka ameleta unga na sukari kuomba radhi. Nimemtupia usoni.

Baya bado amelazwa, bega limefungwa, na hasemi nami. Nisamehe, wifi, ni ndugu yako.

Jana wenzake Eddah walimwita nje wakakae naye tu, akakataa. Nilipomwuliza, alijibu: "Mama, nikianguka watampiga baba tena."

Wasalimie Margret na Matthew. Mwandikie Baya, wewe huenda akakujibu. Mungu akufunike huko ugenini.

Wifi yako akupendaye kwa moyo wote,
Nyamvula