Lenzi Niliyoirudisha kwa Makisio

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana moyo umejaa na nyumbani sijaeleweka. Mimi ni mama wa makamo, nafanya usafi kwenye maabara ambamo wataalamu wanapiga mwanga wa leza hewani, mpigo mfupi kuliko kufumba jicho, tena mkali hata hewa yenyewe inaukusanya ukawa uzi. Miaka miwili shida yao ni moja, uzi ukifika katikati ya ukumbi unachanika nyuzinyuzi. Basi wiki tatu zilizopita napiga deki, mpini ukagonga kishikio cha lenzi, ile tuliyokatazwa kugusa hata vumbi lake, nikairudisha kwa makisio huku nasali kimoyomoyo, ila niliona imeinama kidogo, kama mtu anayesinzia ibadani. Kesho yake uzi ukaenda mpaka ukuta wa mwisho, mmoja, mzima! Mhandisi wao, binti wa rika la mwanangu, akanivisha miwani, "Shangazi, njoo uone!" Mshauri, niliona nukta nyeupe imetulia ukutani, hewa inatatarika kwa mbali, nikasahau ndoo, nikawa kama niko ndani ya usingizi mtamu. Tangu hapo naiota. Wao wanasema ni hesabu zao mpya. Jumatatu wanafungua vyombo vyote kuhamia ukumbi mwingine, na lenzi wataifunga wima. Mume wangu anasema, "Funga bakuli, mke wangu, kibarua kitaota nyasi." Nami kila nikipiga magoti naona uzi unachanika. Nifanyeje?

Mama Deki

Mama Deki, pole, ila kwanza nikugombeze. Uligonga, ukanyamaza wiki tatu, unamweleza Mungu habari ambayo alikwisha kuiona. Anayeihitaji ni huyo binti. Atafika ukumbi mpya na hesabu zake zilezile, uzi uchanike, ajilaumu mpaka akonde. Hofu ya mumeo siicheki, lakini siri ya ule mkao hakuna aijuaye ila wewe. Jumatatu wahi, kabla bisibisi haijatoka mfukoni. Mvute pembeni: "Mwanangu, ile lenzi niliigonga, ikainama." Basi. Usianze hadithi za sakafu kuteleza. Aipime ilivyoinama, aandike, ndipo wafungue. Wakikufokea, vumilia, umewaokolea miaka mingine miwili. Na nakusihi, mama, wakati unawasubiri, usije ukaona aibu ukainyoosha.